Mbuzi wa Shangazi Mastura

"Kama farasi ameletewa mbuzi wa kukaa naye, shangazi Mastura ataletewa nani?"

Niliuliza hivyo nikiwa na umri wa miaka minane, tumeizunguka sinia ya kisra, ule mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa bamia, jua la jioni likiwa bado halijaondoka juu ya paa. Hakuna aliyenijibu. Baba alimega kipande kikubwa kuliko mdomo wake. Mama alinikanyaga kidole cha mguu. Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alisema, "Huyu mtoto ana mdomo wa kasuku," kisha akaitisha chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Watu wazima hudhani mtoto akinyimwa jibu atalisahau swali. Mimi nimetembea na swali hili madrasa, shuleni, na sasa chuoni, na kila nikilitazama naona halikuwa la kitoto hata kidogo. Lilikuwa swali pekee lenye akili lililoulizwa nyumbani kwetu mwaka ule.

Utoto wangu niliumalizia Makina, Kibra, kwenye msitu ambao babu zetu askari walipewa baada ya kuwapigania Waingereza, wakapewa kwa mdomo tu. Kijiji cha askari ni kijiji cha wajane. Wanawake wa kwetu walijua kusikiliza baiskeli ya tarishi kama wengine wanavyosikiliza ngurumo, na vita vya Bama, kule Burma, vilipoanza kuwachukua vijana, ile baiskeli ilikuwa haipumziki.

Shangazi Mastura alikuwa dada mdogo wa baba, na kabla ya hayo yote alikuwa mtu wa njia. Asubuhi anajifunga gurbaba, ile shuka ya rangi ya wanawake wa kwetu, anakatiza mashamba mpaka Kawangware kwa mama mmoja Mkikuyu aitwaye Wairimu, ananunua viazi vitamu, na kabla ya adhuhuri amerudi, jasho limemlowesha, hadithi zimemjaa mdomoni. Wanaume walisema ana miguu ya mwanamume. Alikuwa akiwajibu, "Basi nanyi tafuteni yenu."

Mumewe, Ramadhani, alikuwa askari wa keya, lile jeshi la Waingereza la Waafrika. Hawakukaa pamoja hata mwaka, akapelekwa Bama. Kisha ikaja barua ya Kiingereza, karani akaisoma mara mbili mbele ya mlango wetu: Ramadhani hajulikani alipo. Barua haikusema amekufa, wala haikusema yu hai. Ilisema hajulikani, basi, na karani akapanda baiskeli yake akaenda.

Mwalimu wa madrasa alipoulizwa alijibu vizuri. "Mtu aliyepotea si maiti. Mke wake husubiri."

"Na huko kusubiri atasubiria wapi?" Habuba akamuuliza. "Sokoni?"

Mwalimu alikuwa kijana, na Habuba alikuwa ameshazika wanaume watatu. Akavaa viatu vyake akaenda zake. Shangazi akavishwa nguo nyeupe, akatolewa bangili, akaingizwa kwenye chumba cha pembeni kukaa eda. Kitabu kinasema miezi minne na siku kumi. Habuba, kwa tahadhari, alisema siku mia na thelathini.

Niseme mapema, asije mtu akanishika shati: sina ugomvi na eda. Eda ina mwanzo na ina mwisho. Ugomvi wangu ni na kile ambacho Habuba alikiongeza juu yake, maana alikuwa na imani yake mwenyewe ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote. Askari akifa mbali bila kaburi, alisema, roho yake hurudi nyumbani kwa miguu, ikifuata harufu ya mkewe. Mke akitulia ndani, roho hufika mlangoni, hupumzika, huenda zake kwa Mola. Mke akivuka kizingiti kabla ya siku zake, roho huchanganyikiwa, humfuata kila aendako, na mtoto wa kwanza atakayetazamwa na mjane huyo hupofuka. Sisi watoto tuliyapokea hayo kama tulivyopokea habari kwamba moto unaunguza.

Kila jioni Habuba alifunga fundo moja kwenye uzi wa katani, na mimi ndiye niliyeshika ncha. Ndivyo nilivyojifunza kuhesabu.

Tulipofika fundo la themanini na moja, akaja likizo askari mmoja, Farajallah, rafiki wa Ramadhani tangu utoto. Akakaa kwenye mkeka wetu, akanywa chai mbili, akasema, "Ramadhani? Nilimwona hospitalini, baada ya mvua kubwa. Mguu umefungwa, lakini anacheka."

Mama akapiga kigelegele. Habuba hakupiga. Alikuwa akikokotoa. Barua ilikuja kabla ya mvua kubwa. Basi siku ile tuliyoanza kufunga mafundo, Ramadhani alikuwa hai.

"Tumemhesabia mtu hai," alisema, na uso wake ukawa na hofu ya kweli, sitamsingizia. "Hesabu hii ni batili."

"Mama," baba akasema, "kama yu hai, si atoke basi?"

"Angekuwa hai angeandika. Amekufa baadaye. Tunaanza leo."

Nimesoma mantiki kidogo, na hapa mantiki inanikimbia mpaka leo. Habari kwamba mume ameonekana akicheka ndiyo iliyomrudisha mke ndani kwa siku mia na thelathini nyingine! Habuba aliketi kwenye kigoda akayafungua mafundo yote themanini na moja, moja baada ya jingine, mengine kwa meno. Shangazi alikuwa akimwangalia kupitia mlangoni. Uzi ulipobaki mtupu ulikuwa umejikunja-kunja kama nywele zilizofumuliwa.

Ilikuwa katika hesabu ya pili ndipo alipoanza kutembea.

Kutoka kitandani mpaka mlangoni. Anafika, mkono wa kushoto unagusa nguzo ya mlango, bega linainama kidogo, kisigino kinageukia palepale, anarudi. Anagusa ukuta juu ya kitanda, anageuka tena. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu. Baadaye ilikuwa mpaka chakula kinapoa. Pale kisigino chake kilipogeukia, sakafu ya udongo ilifanya kishimo, kiasi cha kukaa yai. Nilikuwa nikikiziba kwa udongo na samadi kila Alhamisi, na kufikia Jumapili kimerudi.

"Shangazi, unaenda wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Sijui, mwanangu. Nikikaa miguu inaniuma."

Kwa Habuba jambo lilikuwa wazi. "Anatembezwa," aliwaambia wanawake waliokuja kuchungulia. "Ni Ramadhani huyo, anapiga kwata. Hajui kwamba amefika." Kisha akanishika sikio. "Na wewe, usihesabu hatua zake. Ukizihesabu, zitahamia kwako."

Nilikuwa nimeshazihesabu. Zilikuwa saba.

Walichoma ubani mpaka macho yakatutoka machozi. Walimfunga uzi mweusi kifundoni. Waliweka sanduku la chuma katikati ya njia yake. Akalizunguka bila kulitazama, kama maji yanavyozunguka jiwe. Watoto wa jirani walikuwa wakija kumwigiza uani, kushoto kulia, kushoto kulia, mmoja anapiga filimbi ya sajenti, na mimi, Mungu anisamehe, kuna siku niliandamana nao.

Sasa nije kwa farasi.

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mabanda ya Mzungu mmoja upande wa pili wa msitu. Siku moja mama alinituma nimpelekee chakula, na nilipoingia kwenye lile banda refu nikasimama ghafla, sufuria mkononi. Kulikuwa na farasi jike mwekundu ambaye masaisi walimwita Sukari. Kichwa chake kilikuwa nje ya mlango wake mfupi, na alikuwa akiyumba. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, mguu wa mbele unainuka, unakanyaga, mwingine unainuka. Hakuna nzi aliyemsumbua. Hakuna mtu aliyemwita. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yakitazama kitu chochote. Nilikuwa nimeyaona macho yale nyumbani asubuhi hiyohiyo.

"Baba," nikasema, "huyu anatembezwa."

"Na nani?"

"Na aliyekufa."

Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akawaita wenzake. "Sikieni, binti yangu amemwona jini wa Sukari!" Kisha akafuta macho, akaniambia maneno ambayo nimeyahifadhi kama wengine wanavyohifadhi aya. "Farasi hana jini, mama. Ana miguu. Mungu amempa minne, na sisi tumemfungia mahali pa hatua mbili. Sasa miguu inafanya nini? Inatembea hapohapo."

Alinionyesha mlango ulivyolika kwa kifua cha mnyama. Akanieleza kwamba mwenye mabanda alitaka apigiwe mbao kila upande asiweze kuyumba, na kwamba yeye, baba yangu, alimwambia hapana, Bwana, hiyo itamharibu kabisa. Kwamba ni lazima Sukari atenganishwe na wengine, maana farasi wakimtazama mwenzao akiyumba nao huanza. Na kwamba dawa ni mbili tu: kumtoa nje alfajiri akanyage majani, na kumpa mwenzake. Mwenzake akiwa farasi, vizuri; asipopatikana farasi, mbuzi anatosha.

Siku chache baadaye nilirudi. Ndani ya chumba cha Sukari alikuwamo mbuzi jike mwenye madoa, amelala kwenye majani kama aliyepanga nyumba. Sukari alikuwa amemteremshia kichwa, anamnusa mgongo. Alikuwa ametulia tuli.

Nilikimbia msitu mzima nikirudi. Nilikuwa na habari njema! Na jioni ile, sinia ilipowekwa, nikaitoa kwa namna ya swali, kwa sababu mtoto wa kike hatoi shauri mbele ya wakubwa.

Baba hakunijibu, nimesema. Lakini alikuwa amesikia. Siku ya tatu aliingia uani akivuta mbuzi mchanga wa rangi ya kahawa, mwenye sikio moja lililokunjika. Alikuwa ametoka naye Kawangware kwa Wairimu. Akamfunga karibu na mlango wa shangazi, kamba ndefu ya kumwezesha kuingia ndani. Shangazi alikuwa safarini kati ya kitanda na nguzo. Alifika mlangoni, akamwona, na hakugeuka. Alisimama. Mbuzi akainua kichwa akamtafuna pindo la nguo nyeupe, na shangazi akasema kwa sauti ya zamani, ile ya njiani, "Wee! Hiyo si majani."

Huenda ilikuwa dakika nzima. Mimi niliiona. Ndipo Habuba akatoka jikoni.

"Alhamdulillahi!" akasema akimtazama baba, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Mwanangu, Mungu amekufumbua macho. Nilikuwa nikiogopa kukuomba. Sadaka! Damu ikimwagika kizingitini, Ramadhani atajua amefika."

Baba alifungua mdomo. Nilimtazama, nikamsubiri. Aliyemwambia Mzungu hapana, Bwana, alikuwa amesimama mbele ya mama yake na kamba mkononi. Angesema nini? Kwamba amemletea dada yake mbuzi kama anavyomletea farasi? Majirani walikuwa wameshaanza kuja, mmoja ana kisu. Baba akafunga mdomo.

Mbuzi alichinjwa pale kizingitini kabla ya alasiri. Wanawake walipika. Shangazi alipelekewa ini na mbavu, sehemu nzuri, akala kidogo akitembea. Baba peke yake hakula. Aliikunja ile kamba akatoka nayo. Nimewahi kumchukia kwa siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia Habuba. Habuba hakujua. Baba alijua, tena alijua kwa ufundi, kwa kazi ya mikono yake ya kila siku, na akanyamaza kwa heshima. Heshima! Tumezikwa wangapi chini ya neno hilo?

Hesabu ya pili ilikuwa imefika mia na kumi na sita. Baba alijifariji nayo. "Zimebaki kumi na nne tu," alikuwa akimwambia dada yake kupitia dirishani. "Vumilia, Mastura. Kumi na nne tu." Kesho yake kumi na tatu. Kesho yake kumi na mbili.

Zilipobaki tisa, Wairimu alikuja mwenyewe na kiondo cha viazi, kuuliza rafiki yake amepotelea wapi. Habuba alimkalisha uani. Kutoka pale aliweza kumwona shangazi akipita ndani, akirudi, akipita. Alitazama kwa muda mrefu, kiazi mkononi.

"Sasa nyinyi," alisema kwa Kiswahili chake, "huyu mama munafuga?"

"Hatumfugi, amekaa eda," Habuba akajibu.

"Hata mimi bwana yangu alikufa. Nililia, nikalima."

"Kwenu ni kwenu."

"Ni kweli, kwetu ni kwetu," Wairimu akasema, akainuka. "Lakini hata ng'ombe ya kwetu inaonyeshwa jua."

Kutoka ndani tukasikia shangazi akicheka. Kicheko kifupi, kikavu, kama mtu aliyekohoa. Habuba akakunja uso, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, na wakaenda wakibishana, sauti zao zinapungua.

Nilibaki peke yangu na shangazi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana huo, jua limetoka tena, ua wote unafuka moshi mwembamba wa udongo uliolowa.

"Imenyesha?" akaniuliza.

"Imenyesha."

"Nilisikia harufu."

Akavuka. Sikuamini. Mguu mmoja juu ya kizingiti, kisha mwingine, akaenda mpaka penye majani karibu na ukuta, akasimama katika maji ya mvua na viatu hana. Alikunja vidole vya miguu ndani ya matope. Hakutembea huku na huku. Alisimama tu, uso juu, kama mtu anayekunywa. Kisha akarudi ndani taratibu na kuifuta miguu yake kwa pindo la nguo.

"Hukuona kitu, sawa?" akasema, macho bado kwenye miguu yake.

"Sikuona kitu, shangazi."

Nilitaka kutimiza ahadi hiyo. Lakini nilikuwa na ndugu mdogo, Issa, hajatimiza hata mwaka, na mama alipotoka kuchota maji siku ileile alipita na Issa mgongoni mbele ya mlango wa shangazi, na shangazi akamtazama akatabasamu. Siku ya tatu Issa aliamka macho yamevimba, yamegandamana usaha. Mama alikuwa akiyafungua kwa pamba na maji ya uvuguvugu, na Issa akilia kwa sauti ambayo sijaisahau. Habuba akatukusanya uani.

"Nani amevuka?" akauliza. Hakupiga kelele. "Sitamchapa mtu. Nataka mtoto huyu asipofuke. Nani amevuka?"

Nilimtazama Issa. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na katika dunia yangu hakukuwa na mtu yeyote aliyewahi kuniambia kwamba macho huumwa kwa sababu nyingine. Nikanyoosha kidole kwenye chumba cha pembeni.

Mafundo mia moja na ishirini na nne. Sikuweza kumwangalia Habuba akiyafungua. Nilimsikia.

Macho ya Issa yalipona baada ya juma moja. Nusu ya watoto wa Makina waliumwa macho mwezi ule, na wa Lindi, kijiji jirani, na wengine mpaka Laini Saba, watoto ambao shangazi yangu hajawahi kuwatia machoni. Nani aliwatazama hao? Hilo nalo hakuna aliyeliuliza. Issa alipopona ikawa ushahidi kwamba Habuba alikuwa sahihi, kama ambavyo angepofuka ingekuwa ushahidi kwamba Habuba alikuwa sahihi. Hoja ya namna hii haishindwi. Ndiyo maana inaua.

Shangazi alipoambiwa hakulia wala hakunigombeza. Alinitazama mara moja, bila hasira, akainuka kitandani, akaanza. Safari hii baba mwenyewe, fundi wa milango ya farasi, ndiye aliyeagizwa kutia komeo upande wa nje. Alilitia. Alilipigilia misumari minne na hakumtazama mtu.

Siku mia na thelathini za hesabu ya tatu zilitimia hatimaye, zote, bila upungufu. Wanawake walijaa uani na mafuta, hina, na ubani mzuri, si ule wa kufukuza. Walimwogesha, wakamvisha gurbaba jipya la rangi ya machungwa. Komeo likaondolewa. Baba alisimama katikati ya ua na viatu vipya vya ngozi alivyomnunulia, ameviweka juu ya mkeka kama vya bibi arusi. Vigelegele vikapigwa.

Shangazi alikuja mpaka mlangoni. Mkono wa kushoto ukagusa nguzo. Bega likainama. Akageuka.

Wanawake wakacheka. "Anaona haya!" mmoja akasema. "Mastura, toka, usituringie!"

Akaja tena. Akagusa. Akageuka. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mara ya nne baba aliingia akamshika mkono, akamtoa nje kwa upole uleule aliokuwa akimtoa nao Sukari, na akatoka kweli, akaja juani. Tukahesabu sote, hata Habuba aliyekataza kuhesabu, midomo ikienda bila sauti. Hatua ya saba alisimama katikati ya ua ulio wazi. Mkono wa kushoto ukanyooshwa, ukagusa hewa. Akageuka.

Nilipokuwa kidato cha pili lilikuja kasha dogo lenye nishani, na karatasi ndani yake. Karani hakuhitajika tena. Mimi ndiye niliyeisoma. Ilikuwa na tarehe ya kifo cha Ramadhani. Alikuwa amekufa miezi mitano kabla ya ile barua ya kwanza. Kwa hesabu ya kitabu, eda ya shangazi ilikuwa imekwisha kabla Habuba hajafunga fundo la kwanza. Farajallah, tulipomuuliza, aliinamisha kichwa. "Nilisema tu kuwapa moyo," alisema. Baba akaniomba niisome tarehe tena. Nikaisoma. Akaniomba tena. Habuba alikuwa ameshakufa, na kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Muhula uliopita chuoni tulijadili kama mila ni ngao au ni pingu. Nilisimama upande wa pingu na nikashinda, kwa maneno makali na bila jasho. Sikumtaja shangazi. Nilishinda kwa kumficha shahidi wangu, kwa sababu ningemtaja ingenibidi nitaje pia kidole changu kilivyonyooka. Na mchana kweupe, nikitayarisha hoja zangu, mwenzangu wa chumbani huniambia, "Keti basi, wewe, unanitia kizunguzungu." Nikitazama, najikuta mlangoni, mkono wa kushoto kwenye fremu. Masaisi walisema farasi huambukizana kwa kutazamana. Habuba alisema ni kwa kuhesabiana hatua. Sitaki kuamua ni nani kati yao aliyesema kweli. Onyo lenyewe limenipata.

Likizo iliyopita nilikaa naye siku nzima. Ana mvi sasa. Nilimshika mkono tukatoka nje pamoja, nikijidanganya kwamba vitabu vyote hivi vimenipa nguvu ambayo baba hakuwa nayo. Alikuja bila ubishi. Aliniuliza habari za masomo. Kisha akanigeuza, kwa upole, kama mtu anayemgeuza mgeni asiyejua njia, na tukarudi ndani. Sina dawa yake. Nimewauliza madaktari wawili, na wao wamenijibu kama Habuba, kwa maneno marefu zaidi.

Kwa hiyo sikuandika haya nipate huruma, wala sijui kama yatamfaa yeye. Lakini wewe unayenisoma huenda una mjane nyumbani kwenu, kwenye chumba cha pembeni, na mtu mzima unayemwogopa ndiye mwenye kuhesabu. Sikuombi uvunje eda yake. Nakuomba uzihesabu siku zake wewe mwenyewe, mara moja tu, na zikitimia, umfungulie mlango siku hiyohiyo.